Mkono wa Kulia wa Mzee Saa

"Mashine yako inajikwaa!"

Baba Mdogo aliliweka gitaa ukutani kwa hasira, akamgeukia Fundi, binti wa kaka yake, kama vile yeye ndiye aliyeivumbua kompyuta. "Inakwenda vizuri, inakwenda vizuri, halafu ikifika mwisho, pwaa! Kama mlevi aliyekosa ngazi. Mimi nimeshaiandaa nota yangu, naingia, yeye hayupo. Nikisubiri kidogo, huyo, ameshanipita. Sasa huo ni muziki au tunacheza kujificha?"

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni katikati ya nyaya, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, na kusema kweli ile kasoro alikuwa ameisikia kabla ya mtu yeyote. Miaka ishirini na sita amekaa nyuma ya kioo cha studio ya redio, akinyoosha sauti za watu wengine. Kama angekuwa hasikii mwanya wa namna ile, basi huo mshahara alikuwa anaula bure. Sauti ya ngoma kutoka kwenye kompyuta ilizunguka mapigo manane, na kabla ya kuanza upya ilikatika. Kidogo tu, chini ya kufumba na kufumbua. Lakini katika muziki wa kucheza, jamani, hicho kidogo ni shimo, na kila raundi watu wawili walikuwa wanatumbukia humo: Baba Mdogo na gitaa lake, na Shangazi na sauti yake.

Shangazi hakuwa shangazi wa damu. Alikuwa ameimba na bendi hiyo tangu Fundi ananyonya, ikatosha. "Mimi mwenzenu pumzi zenyewe siku hizi za kuhesabu," alisema, akijipepea kwa karatasi ya maneno ya wimbo. "Nikiivuta mashine isipokuja, naipeleka wapi?"

"Kwangu iko sawa," alisema baba yake Fundi.

Wote wakamtazama. Alikuwa amekaa nyuma ya tumba zake tatu, ndogo, ya kati na kubwa, mkono wa kushoto juu ya ngozi, wa kulia umelala pajani kama kitu alichoshikishwa na mtu aliyesema anarudi sasa hivi.

"Sawa wapi, kaka?" Baba Mdogo alicheka. "Au na masikio nayo yamekwenda?"

Utani huo wa ndugu wawili haukumchekesha mtu, na Baba Mdogo mwenyewe aliona, akajitia kutafuta kitu mfukoni.

Huyu mzee jina lake la bendi lilikuwa Saa. Hakujipa mwenyewe, alipewa na watu wa ukumbini, enzi zile bendi ilipokuwa inapiga kila Jumapili mchana na vijana wanapiga pasi suruali zao tangu Ijumaa. Jumapili moja umeme ulikatika katikati ya wimbo. Magitaa yakafa, vipaza sauti vikafa, watu wakaanza kuguna. Yeye hakuacha. Akaendelea na tumba zake peke yake, watu wakaendelea kucheza, na umeme uliporudi Shangazi akaingia palepale alipotakiwa kuingia kana kwamba hakuna lililotokea. Dakika kumi na moja, ndivyo walivyosema wakati ule. Baba Mdogo huongeza dakika moja kila mwaka anapoisimulia. Safari hii zilikuwa zimefika thelathini na kitu.

Kisha, miezi minane iliyopita, kiharusi. Nusu ya uso ililegea ikarudi kidogo, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukakataa katakata. Mzee Saa alizifunika tumba kwa shuka, akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Alikula akipewa, alijibu akiulizwa. Fundi alikuja kila jioni baada ya kazi, na kila jioni alirudi kwake roho imesinyaa.

Ndipo zikaja habari kwamba ule ukumbi unavunjwa. Mwenye jengo, mtu muungwana, aliwaita wazee wa bendi waliobaki: njooni mpige Jumapili moja ya mwisho, watu waage. Fundi alimletea baba yake habari hizo akijua zitamuumiza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasimama, akaenda kuivuta ile shuka mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

"Nitapiga," alisema. "Na nikishindwa hii, tumba zigaweni. Sitaki kuziona tena humu ndani."

Hapo ndipo Fundi alipokumbuka mikanda. Zamani, kabla watu hawajaingia ukumbini, fundi wa mitambo wa bendi alikuwa anapima vipaza sauti huku mkanda ukirekodi, na kila mpigaji alitakiwa apige chombo chake peke yake. Mzee Saa alikuwa anapiga tumba ndogo kwa mkono wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeshika kikombe cha chai, na hakuna kipimo duniani ambacho kingemfanya akiweke chini. Mama yake Fundi, Mungu amrehemu, aliihifadhi mikanda yote kabatini, hata ile ya kupima. Kwa hiyo ulikuwepo: mkono wa kulia wa baba yake, wenye umri wa miaka thelathini na minne, mzima, peke yake, mapigo manane safi. Ukiuzungusha bila kukoma, mzee anaweza kupiga na mkono wake mwenyewe.

Siku alipomsikilizisha mara ya kwanza, mzee alifumba macho akasema, "Huyo kijana anapiga." Fundi alilia njia nzima kurudi kwake.

Sasa kilichobaki ni ule mwanya, na Fundi alikula kiapo kwamba ataumaliza.

Alichukua likizo ya siku nne. Kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, na lilimtia haya. Alipouhamisha mkanda kwenda kwenye kompyuta alilibana faili liwe dogo, kwa mazoea tu, kama anavyofanya na vipindi vya redioni. Faili likibanwa hivyo hubandikwa ukimya kidogo kichwani na mkiani. Ukilisikiliza mara moja huwezi kujua, ukilizungusha linakuumbua. Akauhamisha mkanda upya, bila kuubana.

Kosa la pili lilikuwa la programu aliyopewa bure na mtu wa kazini. Kila raundi ikiisha, ilikuwa inalifunga faili na kulifungua tena toka mwanzo, mithili ya mtu anayefunga mlango kwa ufunguo kila anapotoka kuchukua kijiko. Akaitupa, akatafuta nyingine inayoibeba sauti yote kwenye kumbukumbu na kuizungusha humohumo. Spika isiyo na waya nayo aliifukuza, maana ile huipokea sauti, huifikiria, ndipo huitoa; akaweka ya waya. Halafu akashughulikia ile akiba ya sauti ambayo kompyuta hujiwekea kabla ya kuanza kuitoa. Akaipunguza, akaipunguza tena, mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Akarudisha hatua moja. Kukwaruza kukaisha.

Mwisho kabisa ilikuwa kuukata mzunguko wenyewe, na hapo vidole vyake vilikumbuka mambo. Alipoanza kazi, mzunguko ulikatwa kwa wembe. Ulisikiliza, ukautia mkanda alama kwa kalamu, ukakata kwa mshazari, ukaunganisha ncha mbili kwa utepe wa gundi, na ile pete ukaizungusha kwenye chupa tupu ya soda iliyosimama mezani ili isilegee. Mkanda wa namna ile haukuwa na mwanzo wala mwisho, ulikuwa unazunguka tu, na chumba kizima kilinuka gundi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili wakati ule na alidhani dunia nzima itakaa vile. Sasa alitafuta kwenye kioo cha kompyuta mahali ambapo mstari wa sauti umelala kimya, akakata pale, akaunganisha. Akabonyeza. Mapigo manane, na manane, na manane. Alifumba macho kutafuta kiungo kilipo, hakukiona. Alijipigia makofi peke yake sebuleni.

"Eeeh!" Baba Mdogo alipiga ukelele walipokutana tena. "Sasa hii ndiyo mashine! Mwanangu, wewe ni mtu na nusu." Aliingia na gitaa, akateleza raundi baada ya raundi, na Shangazi akaachia sauti ambayo Fundi hakuwa ameisikia tangu akiwa mtoto, mpaka nywele za mikono zikamsimama.

Kisha wote wawili wakaacha, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu tumba zilikuwa zimenyamaza.

"Tuanze tena," alisema Mzee Saa.

Wakaanza tena. Mkono wa kushoto ulitembea vizuri kwenye tumba ya kati, moja mpaka saba. Pigo la nane ni la tumba kubwa, lile zito ambalo wachezaji huliwekea mguu. Mkono ukaenda kwenye tumba kubwa, ukapiga, ukarudi ya kati, na uliporudi ile sauti ya zamani ilikuwa imeshaondoka. Akaikimbiza. Akaikamata kwenye pigo la tatu. Ikamwacha tena kwenye la nane. Tumba kubwa walikuwa wameshaihamishia kushoto tangu wiki ya kwanza na haikusaidia kitu. Mkono ni mmoja, popote uendapo lazima urudi.

Mara ya nne aliacha katikati. Jasho lilikuwa linamtiririka upande mmoja wa uso.

"Nimechelewa," alisema, si kwa mtu yeyote. Akavuta shuka, akaanza kuzifunika tumba, na kwa mkono mmoja ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Kaka, ni uchovu tu," alisema Baba Mdogo. Utani wote ulikuwa umemkauka.

"Nimesema mzigawe."

Fundi alikuwa na tabia ya kurekodi kila kitu, hata mazoezi. Siku iliyofuata alizichukua rekodi mbili, ya mashine mbovu na ya mashine nzuri, akazilaza moja juu ya nyingine kwenye kioo. Hakuhitaji hata kusikiliza. Katika ile mbovu, kila ulipofika mwanya, ndani ya ule mwanya mkono wa baba yake ulikuwa unatoka tumba kubwa na kurudi. Mwanya na safari ya mkono vilitoshana. Kila raundi, bila kukosa hata moja. Wenzake walikuwa wanatumbukia kwenye shimo, yeye alikuwa anavukia hapohapo.

Na yeye, fundi mwenye sifa zake, amechukua likizo ya siku nne kwenda kuliziba. Alijishika kichwa. "Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mjinga wa mwisho."

Basi akaurudisha. Hakurudisha faili bovu. Alitengeneza mwanya mpya, msafi, wa kipimo kilekile, akaenda nao kwa baba yake mchana huo akiwa na uongo wake tayari mdomoni. Alimkuta ameutazama ukuta. Akambembeleza. Mara moja tu, baba, nimerekebisha kitu kidogo, mara moja tu halafu sikusumbui. Mzee akakubali ili aachwe apumzike.

Akapiga. Raundi ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa kabisa. Katika ya tatu aliuweka mkono juu ya ngozi, akaacha mashine iendelee peke yake, akiisikiliza.

"Umeurudisha," alisema.

"Nimerudisha nini, baba?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ule mwanya. Umeurudisha."

"Baba Mdogo atauzoea. Shangazi naye atauzoea. Wiki moja tu ya mazoezi..."

"Watazoea kunisubiri mimi." Sauti yake ilikuwa inapanda, na ule upande wa mdomo uliolegea ulimfanya ahangaike na maneno, na kuhangaika kulizidi kumkasirisha. "Miaka arobaini watu wamenifuata. Hakuna aliyenisubiri. Leo ukumbi mzima usimame, kila raundi, ungoje kizee kivute mkono wake? Heri nikae nyumbani!"

"Basi unataka nini?" Fundi alijisikia akipiga kelele, na hakuweza kujizuia. "Niambie! Nikiuziba unafunika tumba, nikiuacha unanigombeza. Mimi si daktari, baba! Kazi yangu ni kuzungusha sauti. Siwezi kukurudishia mkono!"

Mashine iliendelea kuzunguka na kukatika, kuzunguka na kukatika. Fundi aliinama akaizima. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwahi kumpandishia baba yake sauti tangu azaliwe.

"Niliupenda," mzee alisema taratibu. "Ule mwanya. Tangu siku ya kwanza. Nyie mnalalamika, mimi nasema kwangu iko sawa. Nilijua ni mbovu. Mimi nisijue? Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unanifaa. Niliona haya, mama." Alimwita mama, kama alivyomwita tangu akiwa mdogo. "Na jana nilipokuwa nakimbizana na yule kijana wa kwenye mkanda, nikawa namwonea wivu. Unaelewa? Namwonea wivu mtu ambaye ni mimi."

Fundi alikaa chini sakafuni akaegemeza kichwa kwenye goti la baba yake. Alikuwa na miaka arobaini na nane na hakujali. Mkono wa kushoto ukaja ukatua kichwani pake, ukakaa hapo.

"Weka ile safi, isiyokatika," alisema mzee.

"Baba, tuache tu."

"Weka ile safi, halafu uje ukae hapa. Ile tumba kubwa isogeze mbele yako."

"Mimi? Sijawahi kupiga hata ndoo."

"Ndiyo maana. Ungekuwa unajua, ungeniletea maujuzi. Pigo moja tu, la nane. Mengine yote niachie."

Jamani, huyo mzee hakuwa mwalimu, alikuwa adhabu. Wiki nzima, kila jioni. "Unapiga kama unabisha hodi kwa wakwe." "Mkono ulegee, hujaja kuua mende." "Usinitazame mimi, mimi si saa ya ukutani." Kiganja cha Fundi kilivimba, kazini akawa anashika kalamu kwa vidole viwili. Kila akiketi kwenye kile kigoda, bega lake likigusana na bega bovu la baba yake, alikuwa anaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua nyuma ya kioo. Ukikosea nyuma ya kioo, unarudi nyuma unafuta. Lakini pia kiti kile cha mzee hakikutazama ukuta tena, na hilo lilimtosha kuvumilia matusi.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka. Rangi ilikuwa imebabuka, sakafu ya mbao ilikuwa imelika katikati kwa visigino vya watu. Na watu wenyewe walikuja, wengi, wakishikana mikono kwenye ngazi, akina mama waliovaa viatu vyao vya kuchezea vilivyokaa miaka kwenye maboksi, wazee waliokula chumvi nyingi na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanasimama. Mmoja alimshika Fundi mkono akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Alipomwambia, yule mzee akamtazama usoni muda mrefu. "Wa Saa!" akasema. "Mimi mke wangu nilimpatia hapa, baba yako akipiga."

Kuianzisha mashine ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Fundi alibonyeza, mkono wa zamani wa baba yake ukaanza kuzunguka juu ya vichwa vya watu, safi, bila kiungo, na yeye akatembea hatua tatu akaketi mbele ya tumba kubwa. Baba Mdogo hakuwa ameambiwa. Alimtazama Fundi, akamtazama kaka yake, akafungua mdomo aseme neno, kisha akaufunga, akainamia gitaa lake na kuanza kushughulika na nyuzi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Mzee Saa akaingia.

Moja, mbili, tatu, mkono wa kushoto juu ya tumba ya kati, hauna haraka wala wasiwasi, na wa kulia juu yake kutoka kwenye spika, na kwa mara ya kwanza Fundi aliwasikia wote wawili kwa pamoja, yule kijana wa kikombe cha chai na huyu mzee aliye ubavuni pake. Watu wakaguna kwa furaha. Wengine walikuwa wameshashikana viunoni. Fundi akasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya maisha, kusikiliza kwanza, kufanya baadaye. Na katika kusikiliza huko, pigo la nane lilikuja likapita, na ndipo kiganja chake kikashuka. Ukumbi mzima ulikuwa umeshainua miguu. Tumba ilisikika kila mahali, nzito, peke yake, nje ya wakati. Mbele kule mama mmoja akamkanyaga mwenzake.

Fundi akamgeukia baba yake.

Mzee alikuwa anacheka. Tangu kiharusi kimshike hakuwa amecheka, na sasa alikuwa anacheka kwa ule upande mmoja wa uso, machozi yakimtoka upande wa pili, na mkono wa kushoto haukusimama hata kidogo.

"Umechelewa, mama," alimwambia.

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Inarudi hiyo. Tano. Sita. Saba."

Fundi akapiga.